Njia Tano za Kumwondoa Rais wa Rashi ya Mwabasinda

Mheshimiwa Boaz, Spika wa Bunge la Umoja wa Wachimbaji wa Dhahabu wa Mwabasinda, ambaye wakati huohuo ndiye mwenye steshenari na mashine pekee ya fotokopi katika rashi yetu, yaani machimbo haya. Mheshimiwa Mzee Maige, Jaji Mkuu wa Umoja, msuluhishi wa maduara yote, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyowahi kugongana huko chini ardhini. Mheshimiwa Dada Aneth, Waziri wa Afya na muuza dawa. Mgeni wetu wa heshima Bwana Jafferali, mwenye duka la vifaa na mitambo kule Kahama mjini, aliyekubali kuliacha duka na kupigwa na vumbi letu. Waheshimiwa wenye maduara, waheshimiwa mnaoingia kwenye hayo maduara, waheshimiwa wenye makarasha ambao nawaomba kwa unyenyekevu mkubwa wazime mashine. Mama lishe, wabeba viroba, waosha mchanga, na ninyi nyote ambao sikuwataja lakini nimewaona na nimewaandika moyoni: mwangaluka. (Wachache: "Mwangaluka." Karasha moja linaendelea kusaga mawe.)

Yule wa karasha la mwisho, nimesema zima. Asante. Wabeja.

Ndugu zangu, mimi Pantaleo Bujiku, Rais wa Kwanza na mpaka dakika hii Rais pekee wa Umoja huu, nasimama mbele yenu nikiwa nimerejea juzi tu kutoka kwenye ziara ya mafunzo ya wiki tano, ziara ambayo wenye macho mafupi wameiita matembezi, lakini ambayo kwa hakika ilinifikisha Mwadui, ambako nilisimama nje ya uzio nikatazama kwa kina jinsi wenzetu wanavyochimba almasi, na ikanifikisha hadi Nkome, ufukweni mwa ziwa, ambako nilikula sato na kujifunza, kwa vitendo, namna maji mengi yanavyoweza kukaa sehemu moja bila kumdhuru mtu. (Kicheko. Mama mmoja anasema: "Njoo uyaone na ya kwangu.")

Nimekusikia Mama Loveness. Kwa wageni, huyo ni Mama Zipora, mama yake Loveness, mwenye duara namba kumi na nne, duara ambalo limeingiwa na maji tangu mvua za masika zianze, na ambaye ndiye aliyepigilia misumari kwenye ukuta wa steshenari ile karatasi niliyoikuta, inayosema kwamba Bunge linakusudia kuniondoa madarakani kwa sababu niliahidi pampu ya kunyonya maji na pampu haijaonekana. Karatasi ina saini na dole gumba mia mbili na sita. Wanachama wetu ni mia nne na kumi na wawili. Sasa mimi ni mtu wa takwimu, nikapiga hesabu papo hapo nikaona hiyo ni nusu kamili, maana yake nusu nyingine yote, kwa tafsiri ya kitaalamu, inanipenda. (Sauti: "Nusu nyingine walikuwa chini kazini." Makofi marefu.)

Makofi yenu nayapokea.

Na kuhusu hilo duara, hebu tuongee kwa deta na tuache hisia. Duara namba kumi na nne lina urefu wa mita ishirini. Maji yaliyomo ni mita kumi na moja. Mita tisa zote za juu ni kavu kabisa. Kwa hiyo asilimia arobaini na tano ya duara la Mama Loveness iko katika hali nzuri chini ya uongozi wangu, na sioni kwa nini mafanikio kama haya hayasemwi. (Zipora: "Dhahabu iko chini, baba. Juu kuna udongo tu. Na matimba ya kuzuia kuta yameanza kuoza, ikipita Jumamosi duara linaporomoka. Nimeuza ng'ombe sita kulifungua.") Tumelipokea, litaingia kwenye mchakato.

Lakini ndugu zangu, mimi sikukasirika. Mwingine angekasirika. Mimi nilipoisoma karatasi ile nilitabasamu, nikaenda kunywa chai, nikamwambia anayeniuzia chapati kwamba wachimbaji wetu hawana kosa, ila wana uhaba wa elimu ya katiba, na kwamba Rais mwenye kifua huwafundisha watu wake hata namna ya kumwondoa yeye mwenyewe. Ndiyo maana leo, badala ya kujitetea, natoa somo. Njia za kikatiba za kumwondoa Rais aliyeko madarakani ni tano. Muda wa uongozi kwisha siuhesabu, maana sisi watu wa kazi hatukai tunatazama kalenda.

Kwanza mjue Katiba yetu ilikotoka. Wakati rashi inaanza, miaka sita iliyopita, tulimwomba Mheshimiwa Boaz atuandalie Katiba ifikapo jioni, na kwa kuwa ni mtu wa teknolojia, aliichukua ile ya nchi nzima kama ilivyo, akaiambia kompyuta kwamba kila penye Jamhuri ya Muungano iweke Umoja, na kila penye wananchi iweke wachimbaji, akabonyeza mara moja, akatoa kopi, tukapiga makofi. Ndiyo sababu tuna Bunge, tuna Baraza la Mawaziri, na tuna Amiri Jeshi Mkuu, ambaye ni mimi, ingawa jeshi lenyewe bado halijapatikana. Kuna rashi gani nyingine kutoka hapa mpaka Geita yenye Katiba ya kurasa mia na kitu? Hakuna. Huo ni uongozi. (Makofi kutoka kwa Boaz.)

Njia ya kwanza, Rais akifariki. Leo asubuhi nimekula ugali wa nguvu na maziwa mgando, nikaongeza, kwa hiyo tusonge mbele.

Njia ya pili, Rais akijiuzulu kwa hiari yake. Ukoo wetu hatujiuzulu. Baba yangu alichaguliwa kuongoza ngoma akaiongoza mpaka wachezaji wakahama kijiji, naye akabaki anaongoza. (Kicheko.) Tusonge.

Njia ya tatu, Rais akishindwa kumudu kazi kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili. Hapo inatakiwa bodi ya madaktari wasiopungua watatu, nasi tunaye Dada Aneth mmoja, ambaye naye ni wa duka la dawa, na hata hivyo jana nilikwenda mwenyewe, kwa uwazi na uwajibikaji, akanipima presha. Dada Aneth, waambie. (Aneth: "Presha yako nzuri, Mheshimiwa. Kichwa sikukipima.") Mmesikia wenyewe, nzuri.

Njia ya nne, Rais akipoteza sifa za kuchaguliwa. Na hapa, ndugu zangu, kwa kuwa mimi ni mkweli, nitawaambia jambo ambalo nililigundua usiku mmoja nikakifunika kifungu kwa kiganja. Katiba yetu, baada ya ile kazi ya kompyuta, inasema Rais awe mtu aliyezaliwa ndani ya Umoja huu, na awe ametimiza umri wa miaka arobaini. Umoja una miaka sita. Waliozaliwa humu wako chekechea. Kwa hiyo Rais halali wa kwanza wa Mwabasinda atapatikana baada ya miaka thelathini na minne, na mpaka hapo hakuna mwenye sifa hata mmoja, na kama hakuna mwenye sifa, mimi nimepotezaje kitu ambacho sikuwa nacho? (Kicheko kinachoanzia kwa wabeba viroba na kufika mbele.) Chekeni, lakini hiyo ndiyo sheria.

Sasa njia ya tano, ambayo ndiyo hii mnayoitafuta kwa misumari. Rais kushtakiwa Bungeni. Nawasomea hatua kwa hatua, mwandike. Taarifa ya maandishi iungwe mkono na asilimia ishirini ya wajumbe, na wajumbe ni ninyi wanachama wote: mnazo, sikatai. Afikishiwe Spika siku thelathini kabla ya kikao. Mheshimiwa Spika, uliipata lini? (Boaz: "Siku ya pili baada ya wewe kuondoka, Mheshimiwa. Ina siku thelathini na tano.") Ungeweza kunipigia simu, Boaz. (Boaz: "Nilikupigia. Ulisema uko kwenye samaki.") Sawa. Hatua hiyo nayo imepita.

Kisha inaundwa Kamati Maalumu ya Uchunguzi, na hapa nawaomba mwinamishe vichwa kwa heshima, maana hapa ndipo mnapogonga mwamba mgumu. Kamati itakuwa na Jaji Mkuu wa Umoja, yaani Mzee Maige, huyu hapa. Itakuwa na wajumbe saba wa kuteuliwa na Spika, hao mtawapata hata hapo kwenye chai. Na itakuwa pia, nasoma kama ilivyo, na Jaji Mkuu wa Zanzibar. (Minong'ono.) Ndiyo. Kompyuta ya Boaz haikuambiwa penye Zanzibar iweke nini, kwa hiyo ikapaacha. Sisi hapa ni mkoa wa ng'ombe na mawe. Bila mtu huyo hakuna Kamati, bila Kamati hakuna uchunguzi, bila uchunguzi hakuna kura, na bila kura, ndugu zangu wapendwa, tunaye Pantaleo. Nawatakia utekelezaji mwema. (Rais anakunywa maji. Mwanamke mwenye madoa ya unga kwenye kanga anasimama katikati ya watu.)

Bi Mwanaima, chapati baadaye, mama yangu, tuko kwenye kikao. (Mwanaima: "Sikuja kuuza. Miye mtu wa Makunduchi, Unguja, babu na bibi wote wa kulekule. Juzi ulipokuwa unakunywa chai ukanieleza habari hizi za Zanzibar, nikaenda kwa Spika. Akasema Wazanzibari wa rashi hii wachague jaji wao mkuu. Wazanzibari wa rashi hii ni miye peke yangu. Nimepita bila kupingwa." Makofi, vigelegele, mtu anapiga sufuria.)

Utulivu. Naomba utulivu. Bi Mwanaima, mimi nakuheshimu, chapati zako nimekula miaka sita, lakini ujaji una masomo yake, huwezi tu kulala mpika chapati ukaamka jaji, lazima kuwe na, kuwe na prosesi. Mzee Maige, shikamoo, hebu simama uwafundishe watu sheria. (Mzee Maige: "Marahaba. Mimi nani alinisomesha sheria, Pantaleo? Uliniteua wewe kwa sababu najua kusikiliza duara la mtu linapoingia kwa jirani. Huyu mama anasikiliza watu kuanzia alfajiri. Akae hapa na mimi.")

Haya. Amekaa. Nakubali, maana mimi ni muumini wa demokrasia, na ningependa iandikwe kwenye muhtasari kwamba hili limefanyika chini ya uongozi wangu. Lakini msijisahau. Kamati ina muda usiozidi siku tisini kufanya kazi yake, na mambo mazito kama haya hayataki haraka, tukutane mwezi wa saba. (Mwanaima: "Usiozidi siku tisini. Dakika tano zimo ndani yake?")

Kihesabu, zimo.

(Boaz anateua watu saba kwa kidole, na Kamati inakaa pembeni ya karasha. Watu wanaongea. Zipora hakai, anatazama upande wa duara lake.)

Wakati waheshimiwa wanachunguza, niruhusuni niutumie muda huu vizuri, niseme kuhusu mradi wenyewe, maana nimegundua kwamba tatizo si pampu, tatizo ni mawasiliano kuhusu pampu. Mradi Mkakati wa Pampu, kwa mujibu wa taarifa niliyoiandika mimi mwenyewe na kuipitisha, umefikia asilimia themanini na tano ya utekelezaji. Wazo lilikamilika mwaka jana. Jina la mradi lilipatikana mwezi uliofuata. Stekihoda, yaani wadau, wameshirikishwa, fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, imefanyika, na ushahidi wa macho upo pale ukutani kwa Boaz, picha kubwa ya rangi, mimi nimesimama, mkono wangu juu ya pampu yenyewe, nyekundu, mpya, inang'aa. Picha ile mnaipita kila siku mkienda kazini. Kuna hata mama mmoja aliyekuja kuniambia kila akiiona anapata nguvu. (Zipora: "Ni mimi. Na bado nilikuwa naiamini mpaka mwezi uliopita.")

Mama Loveness, nisikilize. Mimi nawapenda. Nasema kwa dhati. Nikiwaona mmekaa hivi nasikia raha ambayo siipati hata nyumbani, na ninyi mkinitazama hivyo mnaniumiza kidogo. Kwa hiyo, kabla Kamati haijarudi, naona busara tuufunge mkutano tukiwa bado tunacheka. Umoja wa Mwabasinda! (Wachache: "Kazi.") Maji yetu! (Mmoja: "Iko wapi pampu?") Haya, basi niingie kwenye shukrani. Namshukuru Spika kwa kopi. Namshukuru Dada Aneth kwa presha. Na kwa namna ya pekee, kwa niaba yangu na familia yangu, namshukuru Bwana Jafferali, mtu mkarimu asiye na mfano, ambaye nilipofika dukani kwake Kahama sina miadi alinikubalia nisimame karibu na pampu yake kwa dakika kumi, akaifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, akanipiga picha tatu, na tulipomaliza akairudisha rafuni bila kuniuliza swali lolote. Ukarimu wa namna hiyo...

(Bwana Jafferali anasimama taratibu: "Ndugu yangu, mimi nilidhani picha ya ukumbusho. Watu wengi wanapenda kupiga na zile nyekundu. Pampu ile iliuzwa jioni ileile, alichukua mtu wa mashamba ya mpunga.")

Hilo neno la mwisho sikupanga litoke hivyo.

(Mzee Maige, bila kuondoka pembeni ya karasha: "Kamati imemaliza." Boaz anapita na kofia ngumu ya kuchimbia. Kura ni ya siri: anayetaka Rais abaki anatia punje ya mahindi, anayetaka aondoke anatia kokoto, ngumi imefumbwa. Kofia inajaa mara tatu. Wanamwaga juu ya turubai na kuhesabu kwa sauti, watu wote wakiitikia. Kokoto mia tatu na tisini na moja. Punje moja.)

Hiyo punje si siri, ni yangu.

Sasa ndugu zangu, nimeondolewa, na naomba niseme, kama mtu ambaye ameondolewa na bado ana kipaza sauti, kwamba tukio hili ni la kihistoria, kwamba mimi Pantaleo Bujiku ndiye Rais wa kwanza wa rashi katika ukanda wote huu kuondolewa kwa kufuata vifungu vyote, saini zimetimia, siku zimetimia, Kamati imetimia mpaka Zanzibar, theluthi mbili ya kura inayotakiwa imepita kwa kishindo, na kwamba mafanikio haya ya kunitoa ni sehemu ya mafanikio ya uongozi wangu, naomba yawekwe ukutani badala ya ile picha. (Makofi, na safari hii ya kweli. Mtu anasema: "Hapo sasa umesema.") Na kwa mujibu wa Katiba ninazo siku tatu za kuandika barua ya kujiuzulu kwa heshima, nami nitazitumia zote, kwa kuzunguka kuaga duara moja baada ya jingine, kwa ratiba itakayotangazwa.

(Zipora anakuja mbele. Anasema bila kupandisha sauti: "Siku tatu chukua, ni haki yako. Lakini mimi mpaka Jumamosi zangu ni mbili. Ndoo zimepatikana mia na ishirini, winchi mbili, na watu wote hawa leo hawashuki. Tunaanza sasa. Kabla hujawa Mheshimiwa, Pantaleo, hapa hakukuwa na mtu wa kukushinda kutoa maji. Mimi nilikuwepo. Ndiyo maana tulikuchagua.")

Nakumbuka. Lile la kwanza kabisa, la mwaka ule wa mvua kubwa. Tulilikausha usiku na mchana.

(Watu wanasimama. Mstari unaanzia mdomoni mwa duara namba kumi na nne, unapita nyuma ya makarasha, unashuka hadi mtaroni. Bwana Jafferali anakunja mikono ya shati. Bi Mwanaima anafunga kanga kiunoni na kumwonyesha Rais mstaafu pa kusimama, kati yake na Mzee Maige. Anavua koti. Kipaza sauti kinabaki kimefungwa kwenye tai.)

Ndugu wajumbe wa mstari huu, kabla hatujaanza, ningependa kuweka bayana kwamba mkakati wa ndoo ni mkakati shirikishi, wenye tija, unaozingatia rasilimali zilizopo, na ambao katika kipindi cha muda mfupi, wa kati na mrefu... (Ndoo ya kwanza inafika. Anaipokea, anaipitisha. Ya pili. Ya tatu, iliyojaa tope hadi mdomoni. Anaipitisha pia. Jasho linamtoka.)

Lete nyingine.